Miche hufa kwenye machimbo, tuanze na udongo

Mhariri,

Kila masika machimbo ya zamani ya kokoto hapa kwetu Kunduchi hupata wageni. Huja na fulana mpya, turubai, spika na miche. Picha zinapigwa, soda zinanywewa, watu wanaondoka. Ikifika Agosti vimebaki vijiti na viriba vyeusi. Mwaka huu walipanda kwenye mashimo yaleyale ya mwaka jana.

Nia yao sina shaka nayo. Tatizo ni kwamba wanapanda juu ya mwamba. Kokoto ya huku hutokana na jiwe la matumbawe, na mchimbaji huanza kwa kukwangua udongo wa juu, akauuza kwa wenye bustani au akausukumia bondeni. Kinachobaki hakina mboji, hakishiki maji, na jua la kiangazi hukigeuza kikaango. Mkangazi utaishije hapo?

Wenzetu wa Mombasa walilikuta tatizo hilohilo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu ndizo zilizoshika, mvinje ukiwamo. Mvinje huuhuu wa ufukweni kwetu! Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo haudai ardhi yenye rutuba. Ila majani yake yalipodondoka hayakuoza, yalirundikana tu, mpaka wakaletwa majongoo. Naam, majongoo, hawa tunaowafagia barazani. Wakatafuna, wakanya, mboji ikaanza kujitunga. Miti mingine ikafuata, na leo pale pana msitu.

Kwa hiyo nawaomba wanaotoa leseni: udongo wa juu urundikwe pembeni tangu siku ya kwanza ya kuchimba, na usiuzwe. Kwa wafadhili wa miche: mvinje utangulie, mvule na mkongo zisubiri miaka. Na fedha za turubai na spika apewe kijana wa mtaani amwagilie na kufukuza mbuzi mpaka vuli. Kumdai mchimbaji ni kazi bure. Wa shimo letu alishahama zamani, na hata kibao chake kimeishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Majongoo yasiwe kisingizio. Kwangu hujaa kila mvua ikinyesha, nitawaleta kwa ndoo.

Mkazi wa Mtongani,
Kunduchi, Dar es Salaam