Mdogo wangu, rasimu yako nimeisoma

Mdogo wangu,

Mama amenitumia rasimu ya mkataba wako na wale wenye hoteli wa Arusha, pamoja na barua yake ya utangulizi. Alijaribu kuniambia ni ya kijana fulani wa kanisani, lakini Mama hajui kuficha, na mwandiko wako wa pembeni naufahamu tangu ukiwa darasa la pili. Simu zangu hupokei. Basi nakujibu hapa, ninapojua unapita kusoma hata kama huachi neno.

Kwanza hongera. Nimesikia umerudi Chekereni kununua mchele kwa wakulima walewale waliokuwa wakimuuzia Baba, na kwamba mama wa mashineni bado anakuita "mtoto wa mzee". Nilifurahi kuliko unavyodhani. Hakuna mtu Moshi hii anayeujua mchele kwa kuutafuna punje mbili kama wewe, na hilo nalisema mbele ya yeyote.

Ila barua yako inaanza hivi: "Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu mwema huku tukiwakumbusha kuwa bado hatujapokea malipo ya awali." Angalia unachokitaka kimekaa wapi. Kishazi huru, kile kinachoweza kusimama peke yake, kimebeba shukrani. Pesa umeibandika nyuma ya "huku", kwenye kishazi tegemezi, kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Mhasibu wa hoteli atasoma shukrani, atajibu "karibuni sana", na hatakuwa amekosea. Andika: "Tunaomba mlipe malipo ya awali kabla ya tarehe 15." Shukrani ipe sentensi yake, chini.

Na hii: "Ingawa mchele wetu ni wa daraja la kwanza, mzigo uliopita ulichelewa." Kinachobaki kichwani mwa msomaji ni kilichosemwa na kishazi kikuu, yaani kile huru, hasa kikija mwishoni. Umemwachia kuchelewa. Geuza: "Ingawa mzigo uliopita ulichelewa, mchele ulifika ukiwa wa daraja la kwanza." Hujadanganya kitu. Umechagua tu lipi liwe mzigo na lipi liwe kamba ya kuufungia.

Kifungu cha tatu kinasema "mtakapolipa nusu ya bei, tutapakia." Hiyo -po- ya wakati ujao inaongea kama watu ambao wameshakubaliana kwamba malipo yatakuja, bado siku tu. Wewe unataka sharti. Sharti ni "mkilipa", na kwenye mkataba ni bora zaidi "iwapo mtalipa nusu ya bei", ukaongeza "msipolipa, hatutapakia". Usiseme ni kitu kidogo. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini kwetu. Siku mkigombana, hakimu atasoma ulichoandika. Ulichokuwa nacho moyoni hatakiona.

"Dereva wa mteja ambaye hajasaini stakabadhi." Nani hajasaini, dereva au mteja? Wote wawili ni watu, "ambaye" inawafaa wote. Ingekuwa gari la mteja, "ambalo" na "ambaye" zingetuamulia. Hapa lugha haitatuamulia, lazima uivunje sentensi.

Kwingine lugha yetu imetupa upatanisho wa ngeli ambao ungekuokoa, na ungemwokoa Baba.

Unajua ninakoelekea. Masika ile, turubai lilipopasuka njiani na wateja wakalalamika, Baba alikwambia uwaandikie kwamba mchele uliolowa tutaubadilisha. Wewe ukaandika: "Tutabadilisha magunia yote ya mchele yaliyolowa." Yaliyolowa. Ukayafunga magunia, mchele ukauacha nje. Baba akasaini bila kusoma kwa sababu kalamu ilikuwa yako. Na wale jamaa hawakuwa wajinga: gunia lolote lililoguswa na tone la mvua lilirudi.

Wewe hukuwepo Fuso ilipofika. Mimi nilikuwepo. Baba alichukua bambo lake, kile chuma cha kutolea sampuli ya nafaka, akachoma gunia la kwanza, mchele ukatiririka kiganjani mkavu, mweupe, unanukia. Akachoma la pili, mkavu. Hakusema neno, aliendelea kuchoma gunia baada ya gunia, na kila mara alikuwa akiumimina ule mchele kwenye beseni taratibu ili usimwagike, kana kwamba bado una mwenyewe. Nilimwambia, "Baba, tuwaandikie tena, tueleze." Akanijibu, "Saini ni yangu."

Hilo ndilo nililolisema siku ya kumaliza msiba, mbele ya baba mdogo na shangazi, na ndilo ulilolikatiza ukasema, "Dada, hicho ni Kiswahili cha darasani, Baba ameuawa na presha." Watu wakacheka kidogo, wakaangalia chini. Nimekusikia ukisema hivyo tangu siku ile. Wanasema niliutoa ule waraka wako wa magunia hadharani ili nikuaibishe. Niliutoa kwa sababu ulikuwa umeshawaeleza wajomba kwamba biashara ilianguka mimi nilipohamia Arusha kufuata mshahara. Ule mshahara ndio uliolipa dawa zake. Nilikuwa na haki ya kuonyesha karatasi, na ningekuwa pale leo ningeionyesha tena.

Na bado ndiwe uliyemwogesha Baba wiki za mwisho, na hukuniruhusu nikusaidie kumbeba kwa sababu ulijua mgongo wangu. Hayo pia nayakumbuka, usifikiri nimeandika upande mmoja.

Turudi kwenye rasimu. Kifungu cha tano, kile cha mzigo kuharibika, umekiandika vilevile, neno kwa neno karibu. Nimekiandika upya: "Iwapo mchele utalowa kabla ya kupokelewa, muuzaji atabadilisha mchele uliolowa tu. Mnunuzi hatarudisha gunia lililolowa ambalo mchele wake ni mkavu. Ukaguzi utafanywa na pande zote mbili kabla gari halijaondoka." Sentensi tatu fupi, kila moja na mtendaji wake. Umezoea kuandika "itashughulikiwa" bila kusema na nani, ondoa kote.

Cha saba sijakigusa. Sijui nani analipa wapakuaji pale Arusha, wewe au hoteli, na ulivyoandika haijulikani. Nijibu hilo kabla hujasaini. Kama mimi hutaki kunipigia, mwambie Mama, ila umwambie ni ya kwako, asiendelee kumtwisha yule kijana wa kanisani.

Dada yako