Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kuhama kazi na kulinda pamiti

Wanachama wenzangu, kaka na dada zangu, habari zenu na za majumbani. Natuma hii taarifa kabla ya mkutano mkuu ili mkija muwe mshaisoma, tusikae tena kusomeana makaratasi asubuhi nzima halafu watu wanaondoka kabla hatujafika kwa mambo yenyewe.

Mwaka huu chama chetu cha wageni tunaofanya kazi hapa Kenya kimefanya kazi moja kubwa, kusaidia wenzetu waliopoteza ama kubadilisha kazi wasipoteze na ruhusa ya kukaa hapa. Mnajua ilivyoanza. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Nairobi ni mji uliojaa ofisi za mashirika, kwa hivyo miradi ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine, na kati ya waliotumiwa imeili za kusimamishwa walikuwa wahasibu wetu, watu wetu wa data, wauguzi, mainjinia wa maji. Mwenyeji akifutwa anapoteza mshahara, na hilo ni zito tosha. Mgeni anapoteza mshahara na karatasi pamoja.

Hili nalirudia kila mahali na kwa mkutano nitalirudia tena: pamiti ya daraja D, yaani kibali cha mgeni kuajiriwa, ni yako ukiwa na yule mwajiri aliyekuombea, basi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inasema ukiacha ile kazi iliyoandikwa kwa pamiti, ama ukifanya nyingine tofauti nayo, pamiti haina nguvu tena na kukaa kwako kunakuwa kinyume cha sheria mpaka upate ruhusa nyingine. Kuna ndugu alinionyesha yake bado ina zaidi ya mwaka mmoja, akaniambia mwenyekiti mimi mbona niko sawa, na alikuwa ameshahamia kampuni nyingine! Ile tarehe inahesabika tu kama bado uko kazi ileile. Na pasi za kukaa nchini za mke ama mume na watoto zimeshikana na hiyo pamiti yako, kwa hivyo unapofikiria kuhama usijifikirie peke yako.

Niwape kisa kimoja, mwenyewe ameniruhusu nisimulie bila jina. Dada yetu mmoja wa Bukavu kule Kongo, mhasibu, mradi wao ulifungwa ghafla. Akapata kazi nyingine haraka, kwa kweli ni mtu hodari, na bosi mpya akamwambia aanze tu Jumatatu, karatasi zitafuata. Alitupigia Ijumaa jioni. Tukamwambia dada usiingie hiyo ofisi hata kwa siku moja, maana kufanya kazi bila pamiti ni faini isiyozidi shilingi 500,000 ama kifungo kisichozidi miaka mitatu ama vyote viwili, na mwajiri naye ana kesi yake. Shida ikawa barua ya mwajiri wa zamani ya kuthibitisha ameondoka vizuri. Nilienda naye mimi na katibu kwa ile ofisi yao ya zamani, tukakuta askari getini, ndani viti vimebebanishwa ukutani, kompyuta zimefungwa kwa makatoni, na hakuna binadamu wa kusaini chochote. Katibu akamsaka aliyekuwa mkurugenzi wao mpaka akampata kwa wasap, alikuwa ameshatoka nchini, akasaini akaskani akatuma. Tukaongeza cheti cha utumishi, fomu za P9 za kodi ya mshahara, nakala ya pamiti ya zamani, mwajiri mpya akawasilisha maombi kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na dada akasubiri nyumbani mpaka ruhusa ikatoka. Bosi mpya alinung'unika lakini alisubiri. Wengi wanasubiri wakielezwa vizuri, ni vile tu watu wetu wanaogopa kuuliza wasije wakanyimwa kazi.

Kwa wale wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu 2022 Wakongo nao wamo, tuna haki ambazo hatuzitumii. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kanuni zake za wafanyakazi zinasema ukishafunga mkataba wa zaidi ya siku 90 unatakiwa kuomba pamiti ndani ya siku 15 za kazi, na nchi inatakiwa kuitoa ndani ya siku 30. Chapisha hizo kanuni umpelekee mtu wa HR, yule wa mambo ya wafanyakazi, wengi hawajawahi kuziona. Wenzetu wa Uganda na Rwanda hawalipi ada kwa sababu Kenya na nchi hizo mbili zilishaondoleana, lakini tafadhali sana, kutolipa ada si kutohitaji pamiti! Hili limeleta machozi mwaka huu. Wahasibu, wasanifu majengo na mainjinia pia kuna makubaliano ya kutambuana taaluma ndani ya Jumuiya, ila bado lazima upite kwa bodi ya hapa ya taaluma yako ukapate barua yake, na hiyo barua ianze kutafutwa mapema kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kuhusu waajiri wanaokalia karatasi za watu. Kijana wetu mmoja wa ujenzi bosi alikuwa amefungia paspoti yake kwa droo, eti ni usalama wa kampuni, na aliposema anataka kuhama akaambiwa atarudishiwa akimaliza saiti. Mimi hili linaniuma. Paspoti ni mali ya serikali iliyoitoa, hata wewe mwenyewe umepewa uitunze tu, hakuna kampuni yenye ruhusa ya kuikalia. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda kila mfanyakazi hapa: mwenye mshahara wa mwezi notisi ni siku 28, na ukiondoka unapewa cheti cha utumishi, si hisani. Tulimwandikia huyo bosi barua ya adabu tukataja sheria, na paspoti ikarudi wiki hiyohiyo.

Kwa hivyo ombi langu kwa kila mmoja: ukianza tu kufanya intavyuu, mwambie katibu. Usingoje barua ya kuacha kazi iwe mezani. Tunataka tuusome ule mkataba mpya na wewe tuone umeandika kazi inaanza pamiti ikitoka, nani analipia pamiti, na itakuwaje ikikataliwa, sababu wengine wameacha kazi nzuri kwa mkataba usiosema lolote juu ya pamiti na wakabaki katikati hawana huku wala kule. Ukiweza, kaa kazi ya zamani mpaka ruhusa ya mpya iwe mkononi. Ukishafutwa tayari, usijifiche, piga simu siku hiyohiyo, kuna pasi maalum ya muda mfupi unayoweza kuombewa ukiwa bado na la kuonyesha.

Mambo mengine kwa haraka. Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe na vitabu vitakuwa wazi kwa anayetaka kuangalia. Michango ya msiba imeenda vizuri, asanteni sana. Ada za mwaka bado wengi hawajamaliza, tafadhali.

Kamati inapendekeza tuanzishe mfuko mdogo wa kukopesha mwanachama aliye kati ya pamiti mbili, wa kodi ya nyumba na ada ya shule tu, na alipe akianza kupokea mshahara. Tutaupigia kura. Najua wengine wanasema chama si benki, na wana haki ya kusema, waje waseme kwa mkutano. Mimi nimeona familia ikihama kutoka Kasarani usiku kwa ajili ya kodi ya mwezi mmoja, baba akiwa na barua ya kazi mpya mfukoni, na nitaupigia kura ya ndio.

Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, mwenye jina ampe katibu kabla ya mkutano. Na kila mtu aje na nakala ya pamiti yake, kutakuwa na meza mlangoni ya kukagua tarehe na jina la mwajiri.

Mwenyekiti wenu