Anayetapisha choo alipe gharama za kusafisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie adhabu wanazopewa watu wanaotapisha vyoo wakati wa masika hapa Dar es Salaam.

Huku kwetu Tandale jambo hili hupangwa mapema. Shimo la choo hutobolewa upande wa mtaroni, tunduni huchomekwa bomba la plastiki lililozibwa kwa tambara, na mvua kubwa ikinyesha usiku tambara huchomolewa ili kinyesi kiende na maji. Katika mtaro huohuo yamepita mabomba ya maji ya kunywa, mengine yameungwa kwa vipande vya mpira, hivyo siku ya mgawo, msukumo ukishapungua bombani, maji machafu huingia palipopasuka, na asubuhi maji yanaporudi jirani huyakinga akiamini ni salama. Kipindupindu, kama kile kilichoanza jijini humu Agosti 2015, kisha kikasambaa mikoani, huenea kwa njia za namna hii.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Lakini mtaani kwetu mkosaji akikamatwa hutozwa faini ya papo kwa papo, yakaishia hapo, na mwenye nyumba akilinganisha faini hiyo na gharama ya kuita gari la majitaka huona nafuu iko kwenye kutapisha. Linaloniumiza zaidi ni kwamba anayetozwa huwa ni mpangaji aliyekutwa uani, ilhali shimo si lake wala kodi ya nyumba hapokei yeye.

Naziomba manispaa ziyapeleke mashauri haya mahakamani, mshtakiwa awe mwenye nyumba, na akitiwa hatiani, pamoja na faini, aamriwe kugharimia usafishaji wa mtaro na ujenzi wa shimo linalofaa. Asiye na uwezo aruhusiwe kulipa kwa awamu, lakini asisamehewe, kwa sababu watoto wanaougua kuhara nao ni wa wazazi wasio na uwezo.

Mabwana afya nao wakague mashimo mwezi Februari, kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa mtaro ukiwa mkavu bomba lililochomekwa huonekana wazi na ushahidi wake hausombwi na maji.

Mkazi wa Tandale,
Dar es Salaam