Risala ya Wanafunzi wa Baiokemia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kitivo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanafunzi wa baiokemia, tunakukaribisha kwa mikono miwili katika maonyesho yetu ya sayansi hapa Kampala. Kuacha shughuli zako ukaja kutuona ni heshima kubwa kwetu.

Mheshimiwa, wengi wetu tuna mzazi au jirani anayejidunga insulini, dawa ya kisukari, na asiye na friji huihifadhi ndani ya chungu chenye unyevu. Insulini ni protini ndogo iliyoundwa kwa viungo 51 viitwavyo amino asidi, vilivyokunjwa pamoja. Joto likizidi hukunjuka, molekuli zikashikamana, na dawa ikapungua nguvu hata kama kichupa kingali safi machoni. Tutajuaje mapema?

Spektrometa ya masi hupima uzito wa molekuli. Lakini protini iliyokunjuka ina uzito uleule wa ile ambayo haijakunjuka, kwa hiyo sharti tuitie alama. Njia ya kwanza ni kuichanganya na maji mazito, yaani maji yenye deuteriamu, haidrojeni iliyo nzito kuliko ya kawaida: sehemu zilizofunuka hubadilisha haidrojeni kwa deuteriamu, na kila badiliko huongeza takriban daltoni 1, yaani karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Kisha tunausimamisha mmenyuko kwa asidi, pH 2.5, na baridi ya karibu nyuzi 0. Hapo ndipo kazi huharibika. Tukichelewa, au baridi ikipungua, deuteriamu hutoka tena na kipimo hutudanganya. Tumewahi kupoteza sampuli za wiki nzima kwa sababu ya umeme kukatika. Ilituuma sana.

Njia ya pili huigonganisha protini na gesi huku volti zikipandishwa hatua kwa hatua, hadi ionekane imekunjuka kwa volti ngapi. Huko protini huingia mashineni kwa kunyunyizwa kama ukungu wenye chaji, ufundi uliompatia mkemia John Fenn Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2002. Chumvi ya kawaida huvuruga kipimo. Mahali pake tunatia amoniamu asetati, chumvi ambayo hugeuka mvuke yenyewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo hatuombi mashine mpya. Tunaomba betri za akiba, gesi ya nitrojeni ya mashine isiyokosekana, na zaidi ya yote fundi wa maabara mwenye ajira ya kudumu. Fundi wa mkataba mfupi akiondoka, huondoka na ujuzi wote, nasi huanza upya.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.