Maji itatokea wapi, mwanangu?

Mwanangu,

Ile plani ya bustani ya parokia ulituma kwa WhatsApp imefika, tumeiangalia na yaya yako, mukubwa wako, mpaka simu ikazima. Ni muzuri sana, nimeionyesha hata bamama ba korali, banasema huyu mutoto ana mukono. Lakini mimi niko na ulizo moja tu. Maji inaingia huku juu, inajaa katika kile kisima cha simenti cha katikati, kisha? Itatokea wapi?

Unasema umechora paradiso. Basi soma tena Mwanzo 2, mutoto wa katekista kama wewe sipashwe kukufundisha ile. Muto unatoka Edeni, unanywesha bustani, kisha unagawanyika mito ine, Pishoni, Gihoni, Hidekeli na Frati. Unatoka! Hata zile bustani za zamani za kule Iran, zenye mifereji ine inakutana katikati, maji ilikuwa inatembea. Na ziwa Kivu yetu hii, na ukubwa wake wote, iko na mulango, ni Ruzizi, inateremuka mpaka Tanganyika. Kisima chako ndicho hakina.

Ile mafuriko ya Kalehe, Mei 2023, iliyoua batu, sirudilie, unajua. Chini ya ule ukuta wa parokia kuko nyumba za batu, batoto banalala mule. Mvua ya Lubumbashi ikianza mwezi wa kumi na moja haiachi mpaka karibu Pasaka, sasa siku kisima kikifurika ni nani atapokea ile maji?

Kama unafuata mufano wa dembo, lile bonde la majani lenye maji-maji, fuata dembo yote. Dembo haina simenti, maji inajitandaza polepole juu ya majani, udongo unakunywa, inayobaki inaendelea na safari. Mafunjo uyapande kwenye njia ya kutokea, kwa sababu mizizi yake inashika matope, maji itawafikia bale ba chini ikiwa safi, lakini uyaweke mahali hapakauki kabisa, kwenu kiangazi ni murefu kuliko huku Bukavu. Mwezi wa munane majani ikikuwa manjano usione haya, usikubali bakulazimishe kumwangia maji ili wageni bafurahi. Na gugu-maji, ile ya maua ya zambarau, usiitie hata kidogo, hata padri akiipenda.

Halafu ulipima kile kiwanja, ukachora, na bale bamama banalima lengalenga (mchicha) pembeni hukubauliza kitu! Bao ndio banajua maji inapitaka wapi. Enda ubasalimie kwanza, na heshima, si na karatasi mukononi.

Huku tuko salama. Makala ya kupikia imepanda bei tena, manjanja ya jikoni, yale mabati ya juu, yaya yako ameziba matundu, baba yako goti lake linamusumbua ila anakataa fimbo. Zile feza ulituma tumepata, aksanti, Mungu akuongezee.

Plani ingine ukimaliza unitumie, ile njia ya kutokea uichore na wino nyekundu, macho yangu haiko kama zamani. Nitaingojea mbele ya siku ya Mungu.

Mama yako