Kaki ya askari wako imenishinda

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu Sefu,

Mwakeye! Najua utasema huyu kanikumbuka kwa shida, na kweli, tangu Idi sijakuandikia. Huku wazima, mama anakusalimu, migebuka imepanda bei. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Ni wale askari wako, vile visanamu vyetu vya mchezo wa vita wa mezani, askari wa Wajerumani wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Thelathini ulioniachia ulipohamia Dar hawatoshi, maana yule bwana wa Tabora anakuja Septemba na Wabelgiji wake. Eti tucheze tarehe 19 ileile Wabelgiji walipoichukua Tabora kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na Wabelgiji wake wanajaza meza nzima. Nikaagiza askari kumi zaidi, wa milimita 28 kama wako, tarabushi zenye kitambaa cha kufunika shingo, bunduki begani. Nikajisemea kaki ni kaki, nikanunua kikopo, nikapaka. Sefu, niliposimamisha wangu na wako mstari mmoja, ilikuwa kama watoto wa darasa la kwanza siku ya kufungua shule wamechanganywa na mafundi wa gereji.

Kwanza nililaumu taa. Usiku chini ya ile taa nyeupe ya sebuleni kila rangi ni uongo, basi nikahamia barazani mchana. Wapi! Nikaongeza kahawia tone moja, mawili. Ikiwa mbichi inafanana, ikikauka imegeuka. Siku ya tatu nikachukua wembe, nikamlaza mmoja wako (yule aliyevunjika bunduki ukamgandisha kwa gundi), nikakwangua pembeni ya kiatu taratibu. Chini ya kaki kuna nyeusi! Mimi kumi wangu wote nimewaanzia nyeupe. Ndiyo maana wanang'aa, nyeupe inachungulia hata ukirudia mara mbili. Na ule weusi kwenye mikunjo ya suruali, niliohangaika kuuchora kwa brashi nyembamba hadi macho yakauma, kumbe wewe hukuuchora. Uliuacha tu.

Nikamvua rangi mmoja, nikampiga nyeusi, kaki juu. Karibu kabisa! Ila wako bado wana wekundu fulani. Nikadhani vanishi imezeeka. Nikadhani ulichanganya na rangi ya matofali, maana nakujua. Baba Shani akapita, akamshika mmoja, akapitisha kidole begani, kidole kikatoka chekundu. "Hii si rangi," akasema, "hii ni Mwanga."

Vumbi, ndugu yangu. Miaka minne juu ya kabati, dirisha la barabarani. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba mwaka 1916, ingali ikiitwa Graf von Götzen, walizipaka injini grisi kwanza. Ikaibuliwa ziwani 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mimi nimeshindwa kuwafunika askari 30 kwa mfuko wa nailoni. Nisamehe, ila usimwambie Baba Shani kwamba nimekuomba msamaha.

Nimemwosha mmoja kwa maji ya sabuni na mswaki laini. Sasa nina makabila matatu: wako wenye vumbi, wangu wapya, na huyu aliyeoga, ambaye hafanani na mtu. Kaki yake ya chini ina ukijani kidogo. Vile vitambaa vya kuzungushia miguu, bluu yako iliyopauka, niliipata mara ya kwanza tu, sijui kwa bahati gani.

Baba Shani anasema niache hivyohivyo, kwamba vita ile kila sare ilipauka na jua kivyake, na mwishoni askari walivaa hata nguo walizoteka. Ni kweli. Lakini mtu akisimama hatua moja kutoka mezani, jicho halisomi historia, linaona vikosi viwili. Mimi naona niwaoshe wote thelathini, kumi wangu niwafuatishe huyo aliyeoga, halafu arobaini wote niwapitishie maji ya rangi ya kahawia mkono mmoja na kuwabandikia udongo uleule kwenye vitako wanavyosimamia. Udongo wa hapahapa, maana inaonekana ndio waliouzoea. Ila ni wako. Siwezi kukuogeshea watu bila ruhusa.

Basi niambie: niwaoshe? Ule ukijani ni wa nini, ulitia rangi ya zeituni au kikopo chenyewe kilitoka hivyo? Ulipiga vanishi kweli, au nikisugua kaki yote itabaki kwenye mswaki? Kile kikopo chako bado kina chochote, hata kilichoganda, unipe nikione? Kuna mtu anakuja na treni mwezi huu? Dagaa nilizompa yule dereva zilifika zote au kazila njiani? Zuwena amejifungua? Na wewe mwenyewe, Septemba utakuja, au niwaongoze mimi tuchapwe tena?

Jibu upesi, ndoo iko tayari barazani.

Wako,
Rajabu