Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Usalama Kazini: njooni mitambo ikiwa imezimwa

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu,

Mimi ni fundi wa matengenezo viwandani. Wakaguzi wako hutufikia kiwanda kikiwa kinazalisha. Wanakuta vizuizi vya pembeni vimesimama na sakafu za wavu wa chuma zimekazwa boliti. Ripoti yao ni ya kweli, ila kwa siku hiyo tu.

Hatari yetu huja mitambo ikizimwa. Ili pampu ishushwe, kipande cha sakafu huondolewa, shimo likafunikwa kwa plaiwudi isiyopigiliwa wala kuandikwa onyo. Anakuja mwingine, anainyanyua aisogeze, hatua inayofuata ni shimoni. Huko juu ya paa, bati la asbesto lililochakaa huonekana zima mpaka likanyagwe. Kuanguka mita 5 ni sekunde moja. Mkono hauwahi kushika kitu.

Kisha utaambiwa marehemu alikuwa amevaa mkanda wa usalama, ule wa kumzuia mtu asianguke. Tafadhali uliza aliufunga wapi. Kamba ya karibu mita 2 yenye kifaa cha kupunguza mshtuko hurefuka inapokaza. Ukijumlisha na kimo cha mtu, panahitajika takriban mita 6 za uwazi chini ya pale kamba ilipofungwa. Aliyejifunga usawa wa miguu yake, mita 4 kutoka sakafuni, ataigonga sakafu mkanda ukiwa mwilini. Na anayebaki akining'inia anaweza kufa kabla ya nusu saa kwisha, damu ikiwa imekwama miguuni, wenzake wakihangaika kutafuta ngazi.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake. Lakini kibarua wa mkandarasi, aliyeitwa kwa wiki mbili, akikataa kupanda haitwi tena. Anapanda. Akifa, mara nyingi kifo huandikwa kwa mkandarasi, na kiwanda kinabaki na rekodi safi. Hili linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo nakuomba uagize kila kiwanda kikuarifu kabla ya kuzima mitambo kwa matengenezo, na wakaguzi waje wakati huo, hata zamu ya usiku. Kibali cha kazi ya juu kisisainiwe bila kueleza nani atamshusha aliyening'inia, na kwa kifaa gani. Na kifo cha kibarua kihesabiwe kwa mwenye kiwanda pia.

Wako,
Fundi wa matengenezo